Kisima cha Fadhili na Chupa Zilizofukizwa

Tangu nirudi mmekuwa mkinicheka hapa barazani kwamba siku hizi nikipewa maji nayanusa kwanza, kama paka. Mmeniuliza kulikoni huko nilikokwenda, nikawajibu kwa mkato. Basi nimekaa nimeandika, maana nikisimulia kwa mdomo huwa nakimbia pale panapouma, na safari hii sitaki kukimbia.

Mnanijua. Shule niliiacha darasa la saba halijaisha, na tangu hapo nimekuwa utingo wa lori, nimeuza mabuyu, nimechimba mitaro, nimekaa Vanga mwezi mzima kwa kuwa tu nilitaka kuona mpaka wa nchi unafananaje. Kwa hiyo niliposikia kuna daktari anatafuta mtu wa kubeba kasha la barafu na kumwonyesha vichochoro, nilikubali kabla sijajua ni daktari wa nini.

Hakuwa wa sindano. Daktari Kadzo ni mtafiti, msichana wa Kigiriama kutoka upande wa Kaloleni, mdogo kuliko dada yangu wa mwisho, na kofia yake ya ukili haimtoki kichwani hata kivulini. Anachunguza vinamasi vya mikoko vilivyotuzunguka huku bara ya Mombasa na visima vilivyo kando yake. Anataka kujua uchafu wa mitaa yetu unapita wapi chini ya ardhi, unakutana na visima vipi, na mikoko inaweza kuumeza kiasi gani kabla haujafika baharini. Tulikuwa tuanzie Mishomoroni, tupite Mikindani na Changamwe, tuvuke mpaka Mtongwe kule Likoni, halafu turudi Kisauni kwenye maabara. Kila tulipofika tulijaza chupa za maji. Chupa hizo zilikuwa zimesafishwa zikaondolewa hata vijidudu visivyoonekana, na hazikutakiwa kufunguliwa ila wakati wa kujaza.

Mishomoroni mpaka Mikindani

Tulikwama kabla hatujaanza. Bakari, mwenye mashua ya injini, alisema maji yatakuwa yamejaa asubuhi mapema, tukafika tukakuta tope tupu, kaa wanatembea pale ambapo mashua ingepaswa kuelea.

"Bakari, haya ndiyo maji yaliyojaa?" nikamuuliza.

"Yanakuja. Wewe una haraka ya nini, una kazi?"

"Leo ninayo."

"Basi leo bahari imeshtuka. Ipe muda."

Tukakaa juu ya mawe tukala mahamri na mbaazi alizotufungia mke wake. Daktari alikuwa anaonyesha mizizi ya mikoko iliyotoka matopeni kama vidole, anatueleza kwamba ndiyo pumzi yake, na kwamba ikifunikwa na mafuta au takataka mti unakufa umesimama. "Hutaujua kama umekufa," alisema. "Majani yanabaki kwa muda." Nikamuuliza maswali mpaka Bakari akaanza kukoroma.

Mikindani ndiko tulikopata mashaka ya kwanza. Tulitokea kwenye kisima cha jumuiya tukiwa na kasha, kamba yenye alama, na kile kijiti cha Daktari cha kupimia chumvi. Wanawake waliokuwa wakiteka wakaacha ndoo zao. Mmoja, mtu mzima mwenye leso ya kijani, akatusimamia mbele.

"Mnapima nini?"

"Maji, mama," Daktari akajibu. "Shikamoo."

"Marahaba. Wa kwanza naye alisema anapima maji. Mwezi uliofuata tukaambiwa shamba lina mwenyewe."

Mnaijua hofu hiyo. Mtu mwenye kamba huku kwetu ni mtu wa kukuhamisha. Daktari alieleza kwa Kiswahili, akaeleza kwa Kigiriama, ikawa ndiyo kwanza wanazidi kuja. Mwishowe yule mama akachota kata moja, akatunyooshea.

"Kama mmekuja kwa ajili ya maji, kunyweni. Mpima ardhi hanywi maji ya watu anaotaka kuwahamisha."

Daktari aliitazama ile kata. Nilijua kwa nini hawezi: yeye alikuja pale kwa kuwa alikuwa ameyashuku. Mimi nikaipokea nikanywa yote. Yalikuwa na chumvi kidogo. Wanawake wakacheka, wakatupa nafasi, na yule mama mwenyewe akanishikia kamba. Tulipoondoka Daktari alisema, "Usifanye hivyo tena." Nikamwambia ndiyo tumepata maji. Akasema, "Ndiyo. Na hilo ndilo linalonitisha."

Changamwe

Tulichelewa, kwa hiyo chupa za siku hiyo tukazituma maabara na mtu wa bodaboda, sisi tukalala Changamwe kwa binamu yake Daktari. Jioni tulikwenda kuona mfereji unaoshuka kutoka kwenye magereji hadi kwenye mikoko ya Port Reitz. Maji yalikuwa na rangi za upinde wa mvua, ya kupendeza kabisa kama hujui ni kitu gani. Daktari alichuchumaa, akajaza chupa yake.

"Watu wanadhani mikoko ni kichaka tu cha kukata boriti," alisema. "Kumbe tumeipa kazi ya kutusafishia na hatujaiambia. Inameza, inameza, kimya, mpaka siku inaposhindwa."

Tulikula viazi karai na ukwaju kwenye kibanda cha barabarani. Mwenye kibanda alipoona kasha letu aliuliza kama tunauza samaki. Nikamwambia tunauza maji machafu. Akasema hayo anayo tele, bure. Tulicheka. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka vizuri katika safari ile.

Kuvuka mpaka Mtongwe

Bakari alituzungukia na mashua yake, tukavuka kutoka Port Reitz tukipita chini ya ubavu wa meli za makontena. Mtongwe tulishukia penye mikoko iliyokatwakatwa, visiki vimebaki kama meno. Juu yake kidogo kuna nyumba ya mawe isiyopigwa lipu, ukumbi wake umeishia nusu, na mbele ya nyumba kuna kisima safi kilichopakwa chokaa. Nyuma, kwa upande wa juu, kumejengwa nyumba za kupangisha, zimebanana, na vyoo vya shimo mgongoni.

Mwenye nyumba ni Bi Mwanaisha. Tulipobisha hodi aliitika "Abee" kabla hajajua ni akina nani. Mama mmoja mwembamba, sauti ya taratibu, maneno yake yote mazima mazima kama mtu anayehesabu shanga. Nilipomweleza tumekuja kupima maji ya visima hakuogopa hata kidogo. Alifurahi.

"Hiki si changu, mwanangu. Hiki ni cha Fadhili."

Fadhili alikuwa mwanawe wa pekee. Alikwenda Uarabuni kufanya kazi, akafia huko, akazikwa huko huko. Kaburi lake mama hajaliona. Kile alichokuwa akituma cha kumalizia nyumba, Bi Mwanaisha alikitoa chote akachimba kisima, kiwe sadaka ya jariya, ile isiyokatika: maadamu kuna mtu anateka na anakunywa, thawabu zinamfikia marehemu pale alipolala. Ndiyo maana ukumbi umeishia nusu. Kila Ijumaa baada ya alasiri huweka kigoda chake kando ya kisima akasoma Yasini. Wapangaji wa nyumba za juu wote wanateka pale. Hamtozi mtu.

"Siendi makaburini," aliniambia. "Mimi huja hapa. Nikisikia ndoo inagonga maji, najua kimemfikia kitu."

Daktari aliteremka kwenye mikoko na Bakari kuchukua tope. Kukaadhiniwa, mimi nikaacha zile chupa barazani nikaenda kuswali. Niliporudi nilikuta chupa zimekwisha jazwa, zimefungwa vizuri, zimepangwa kwenye sinia lililotandikwa kitambaa cha kufuma.

"Nimekusaidia," Bi Mwanaisha alisema. "Umechoka."

Nikamshukuru. Nikazipanga kwenye barafu. Akatuletea maji ya kunywa kutoka mtungini, kwa kata ya kifuu, yananukia ubani vile yanavyonukia nyumbani kwa bibi zetu. Daktari safari hii alikunywa, funda moja, kwa heshima. Tuliagana, Bi Mwanaisha akalisindikiza kasha mpaka njiani kama anasindikiza mgeni.

"Waambieni wakubwa ni ya Fadhili," alisema.

Likoni, kivuko, na maabara

Bakari alirudi na mashua yake, sisi tukachukua tuktuk mpaka Likoni, tukavuka feri na watu wote wa dunia, kisha kisiwani, daraja la Nyali, Kisauni. Kwenye feri mama mmoja aliyekuwa na kikapu cha machungwa alikalia kasha letu kwa kudhani ni kiti, na Daktari akamwacha akae. Barafu ilikuwa bado ngumu. Tulifika maabara jua halijashuka, tukajiona mashujaa.

Kijana wa maabara alifungua chupa ya kwanza ya Mtongwe. Akasimama. Akafungua ya pili, akaisogeza puani.

"Daktari," alisema, "haya maji yametoka kisimani au harusini?"

Tukanusa. Ubani, wazi kabisa.

Wote mle ndani walicheka, na mimi nilicheka kidogo kabla sijaelewa. Kumbe Bi Mwanaisha alipoambiwa maji ya mwanawe yanasafiri kwenda kwa wakubwa, aliona aibu yaende hivi hivi. Alizifungua zile chupa, akazifudikiza moja moja juu ya chetezo zikafuka moshi, kama anavyofukiza mtungi na vikombe vya wageni wa heshima. Kisha ndipo akazijaza. Nani wetu hajaona mama akifanya hivyo? Nani angefikiri kumkataza?

"Hayafai," kijana alisema. "Moshi umeingia. Hatuwezi kusema lolote juu yake."

Daktari hakukasirika. Alivua ile kofia, akakaa kwenye kiti. "Tutarudi," akasema.

Mara ya pili

Bi Mwanaisha alituona kutoka mbali, akasimama, uso wote umefunguka.

"Wamesemaje? Wameyapenda?"

Ndivyo alivyoelewa. Mtu harudi kuomba tena kitu ila kimempendeza. Daktari alinitazama mimi, maana mimi ndiye mwenye maneno. Na mimi, ninayejua kusema na kila mtu kutoka Vanga mpaka Malindi, nikasema lililokuwa jepesi.

"Wamesema yananukia vizuri, mama."

"Alhamdulillahi!" Alikuwa ameshaanza kwenda jikoni. "Ngoja niwashe makaa."

"Hapana, mama," Daktari akasema, akamshika mkono kwa upole. "Safari hii tunataka yawe kama yalivyo. Bila ubani. Kama anavyoteka mtu yeyote."

"Bila kitu?"

"Bila kitu."

Bi Mwanaisha alikubali lakini hakuridhika, kama mtu aliyeambiwa amvue mwanawe nguo nzuri kabla hajapigwa picha. Daktari alijaza mwenyewe. Mpangaji mmoja, dada wa kutoka bara, alikuwa anateka dumu lake akatuchekea. "Aki hata maji siku hizi inapigwa ekserei?" Kisha akajitwisha akaenda zake, na mtoto wake nyuma anakunywa kutoka kwenye kikombe cha plastiki. Daktari alimfuata yule mtoto kwa macho mpaka akapotea nyuma ya nyumba.

Wakati wa kuvuka kurudi nilimweleza Daktari sadaka ya jariya ni nini hasa. Alikuwa amedhani ni desturi ya kukumbuka tu, kama kuweka maua. Nilipomaliza feri ilikuwa imegonga nchi kavu.

"Kama ni machafu," alisema, "siwezi kunyamaza."

"Najua."

"Wewe ungenyamaza?"

Nilifikiri juu ya ile kata ya Mikindani niliyokunywa ili tupate njia. "Sijui," nikasema. Ndiyo kweli, sikujua.

Mara ya tatu

Majibu hayakuhitaji kusomwa mara mbili. Uchafu wa vyoo vya nyumba za juu ulikuwa unashuka chini kwa chini, unapita kwenye kisima cha Fadhili, unaendelea mpaka kwenye yale mabaki ya mikoko. Yale maji hayakufaa kunywewa na mtu yeyote, mtoto ndiyo kabisa. Daktari aliandika barua kwa wanaohusika na afya, na nyingine juu ya vyoo. Lakini alisema mwenye kisima lazima asikie kwanza, na asikie kutoka kwetu.

Safari hii Bakari alituvusha kwa mashua, tukamkuta Bi Mwanaisha amekaa kwenye kigoda chake kando ya kisima. Hakuuliza kama wameyapenda. Nadhani alituona tulivyokuwa tunatembea.

Daktari alisema yote, taratibu, bila kuficha na bila maneno makubwa. Alisema si kosa la kisima, kimechimbwa vizuri, ni ardhi iliyokizunguka ndiyo iliyojazwa kuliko uwezo wake. Bi Mwanaisha alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake uko juu ya ukuta wa chokaa. Kisha hakumgeukia Daktari. Alinigeukia mimi.

"Wewe unaswali."

"Ndiyo, mama."

"Kila ndoo ilikuwa inamfikia Fadhili. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi na hizi chafu? Nazo zimemfikia?"

 Mimi nikasema nilichoweza kusema, kwamba Mungu anaangalia nia, na nia yako ilikuwa njema, mama.

"Nia ni yangu," akasema. "Kisima ni chake."

  Kama kuna kati yenu anayejua jibu la mama huyu, aniambie, lakini asinijibu haraka.

Walikuja kuteka wakati huo huo, wawili watatu, na yule dada wa bara akiwamo. Daktari alipiga hatua mbele ili aseme yeye. Bi Mwanaisha akamzuia kwa kiganja. Akasimama mbele ya kisima chake.

"Hayatekwi tena," akasema.

"Kwa nini, mama? Si ni maji tu? Tumeyatumia tangu tuhamie, na hatujakufa," yule dada akasema.

"Mtoto wako alikuwa anaharisha wiki jana."

"Watoto huharisha."

"Hayatekwi tena, mwanangu. Nisamehe. Na wote walioyanywa, waambie, wanisamehe. Wamsamehe na mwenyewe, Fadhili."

Yule dada akaweka dumu lake tupu kichwani, kwa mazoea nadhani, na akapanda nalo mlimani likiwa tupu. Bakari na mimi tukaleta bati, tukafunika, tukaweka mawe juu. Kamba ya ndoo Bi Mwanaisha aliikunja akaipeleka ndani. Daktari aliondoka kwenda kwenye visiki vya mikoko, akawa amesimama kule, ametupa mgongo. Kofia ilikuwa mkononi.

Tulipotaka kuondoka, Bi Mwanaisha alisema hatuwezi kutoka nyumbani kwake na kiu. Akaingia ndani. Tulisikia kifuniko cha mtungi. Akaniletea kata ya kifuu, imejaa mpaka ukingoni, ubani unanifikia kabla ya maji. Niliipokea, na kabla sijajizuia nikainusa. Aliniona. 

"Kunywa," akasema. "Ni ya muuza maji wa mkokoteni, amepita mkiweka mawe. Nimenunua."

Nikanywa. Akasimama ananitazama mpaka nikamaliza, kama wanavyotutazama mama zetu.

"Tamu?"

"Tamu, mama."

Akaichukua kata, akaigeuza, akakung'utia tone la mwisho juu ya lile bati.